Jinsi ya kuufuatilia mradi wa laini kubwa ya umeme, kuanzia bajeti mpaka nguzo iliyosimama shambani kwako

Kila ukitangazwa mradi wa umeme wa maji, jua au upepo, namba inayobaki kichwani kwa watu ni megawati. Megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 150 za jua kule Kishapu, watu wanafurahi na wana haki ya kufurahi, ila baadae mtaani umeme unakatika tena na kila mtu anauliza sasa zile megawati ziko wapi. Mara nyingi zipo. Zimekwama njiani, kwa sababu laini ya kuzisafirisha haijaisha, au imeisha lakini kituo cha kupoza umeme, kile kinachoushusha kabla haujafika majumbani, kimezidiwa, au mkoa wenu uko mwisho kabisa wa waya mrefu mmoja. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida anaetaka kujua hela ya serikali kwenye njia za kusafirisha umeme inaenda wapi, imefika wapi, na kama laini inapita kwenye ardhi yake afanye nini. Nitatumia zaidi mifano ya Tanzania mana ndo ninayoifuatilia, ila naanza na Kenya kwa sababu wale majirani walilipia somo hili kwa bei kubwa.

Pale Loiyangalani karibu na ziwa Turkana kulijengwa mitambo ya upepo 365, jumla megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwanzoni mwa 2017. Laini ya kilovolti 400 ya kutoka pale mpaka Suswa, kama kilomita 430 hivi, ilikuwa kazi ya serikali kupitia kampuni yake ya KETRACO, na ilikuwa haijaisha. Mkandarasi wa kutoka Hispania, Isolux Corsán, akafilisika 2017 kazi ikiwa njiani, kuna maeneo ya kupitisha laini yalikuwa bado na mgogoro wa fidia, ikabidi watafutwe Wachina wamalizie, na umeme ukaingia kwenye gridi Septemba 2018. Muda wote huo upepo unavuma, mapanga yamesimama, na mkataba unasema mwenye mitambo alipwe hata kama umeme wake haujachukuliwa. Wakenya wakalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Kwa hiyo ukisikia kituo kipya cha umeme, swali la kwanza liwe laini yake iko wapi, ni ya nani, na inaisha lini.

Haya tuanze kazi.

Kwanza chukua ramani, hata ya kwenye simu inatosha, weka alama umeme unakozalishwa na unakotumika. Umeme wa jua na upepo na maji hauchagui sehemu kwa kufuata watu, unakaa pale Mungu alipoweka upepo au mto. Mto Rufiji uko kusini mashariki, upepo mzuri uko Singida, jua kali liko kanda ya kati na Shinyanga, mitambo ya gesi iko Dar na Mtwara, na watumiaji wakubwa wengine wako Mwanza, Arusha, migodini kanda ya ziwa. Ukishaona huo umbali utaelewa kwa nini Machi 2025 rais Samia alisema tutanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wakati bwawa letu wenyewe lilikuwa linakaribia kukamilika. Watu walikasirika sana. Maelezo ya TANESCO, shirika la umeme la serikali, yalikuwa kwamba kuusafirisha umeme kutoka kusini mpaka kaskazini unapotea mwingi njiani, hasara ya kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwamba kuwa na chanzo cha pili upande ule kunaimarisha gridi. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi wenyewe, mimi naona hoja ya kiufundi ni ya kweli, ila pia naona inatuonyesha wazi kwamba tuliwekeza kwenye bwawa haraka kuliko tulivyowekeza kwenye njia za kuelekea kaskazini.

Pili angalia msongo, yaani ile namba ya kilovolti. Utakutana na 33, 66, 132, 220 na 400. Hii 33 ni ya kusambaza, inazunguka wilayani na vijijini, kuanzia 66 kwenda juu ndo kusafirisha. Ukiusukuma umeme uleule kwa kilovolti 400 badala ya 220, mkondo unaopita kwenye waya unashuka mpaka asilimia 55, na upotevu unaenda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kwenye waya uleule upotevu unabaki kama asilimia 30 tu ya ule wa mwanzo. Ndo mana serikali inahangaika na laini za 400 ingawa ni ghali, nguzo zake ni ndefu na zinahitaji eneo pana. Sasa kuwa makini hapa: laini inaweza kujengwa kwa kiwango cha 400 lakini ikawashwa kwa 220. Ile laini ya uti wa mgongo kutoka Iringa, Dodoma, Singida mpaka Shinyanga, kilomita 670, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, JICA ambalo ni shirika la maendeleo la Japani, na wengine, nguzo na nyaya za kilovolti 400, ila ilianza kazi kwa 220 kwa sababu vifaa vya 400 kwenye vituo vilikuwa awamu nyingine. Kwa hiyo usiishie kuuliza imejengwa ya ngapi, uliza inaendeshwa kwa ngapi leo.

Uliza pia kama ni saketi moja au mbili, yaani nguzo zimebeba seti moja ya nyaya au seti mbili, na kama mkoa wenu unalishwa upande mmoja au mnapokea kutoka pande mbili. Mkoa unaolishwa na laini moja, nguzo ikianguka giza kwa wote. Mkoa ulio kwenye mzunguko unapata wa upande wa pili wakati mafundi wanatengeneza. Hata kiberiti hutunzi kimoja ndani.

Tatu, na hapa naomba ukae kwa makini kwa sababu ndo sehemu inayosahaulika kuliko zote, tafuta vituo vya kupoza umeme. Watu wanapenda kupiga picha nguzo. Lakini umeme wa kilovolti 400 hauwezi kuingia kwako bila kushushwa, na unashushwa na transfoma kubwa ambazo haziuzwi dukani, zinaagizwa zitengenezwe, zinakuja na meli, zinapandishwa kwenye magari maalum yanayotembea taratibu usiku na mchana na barabara na madaraja yanakaguliwa kwanza. Transfoma ikichelewa, laini nzima ya mamia ya kilomita inakaa kama mapambo. Bwawa la Nyerere linatuonyesha mnyororo wote vizuri. Kutoka bwawani kuna laini ya kilovolti 400 ya kilomita 160 mpaka Chalinze, pale Chalinze kuna kituo kikubwa cha kupoza ambacho ndo mlango wa umeme wa bwawa kuingia kwenye gridi, na kutoka Chalinze ikapangwa laini nyingine ya 400 mpaka Dodoma, kilomita 345, ili umeme ukutane na ule uti wa mgongo uende kanda ya ziwa na kaskazini. Mkataba wa bwawa ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yote 9 ya megawati 235 kila mmoja ikakamilika 2025. Sasa linganisha tarehe hizo na tarehe za laini ya Chalinze kwenda Dodoma, kwenye kila taarifa unayoiona, na utajua kwa nini Machi 2024 kulikuwa na taarifa za kuzima mitambo ya vituo vingine vya maji kwa sababu umeme umezidi, huku kuna sehemu za nchi bado wanalia umeme mdogo. Vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja.

Ukitaka kujua kituo kilichoko karibu yako kama kimezidiwa, uliza uwezo wa transfoma zake kwa MVA, hicho ndo kipimo cha uwezo wa transfoma, na mzigo wa juu saa mbili usiku. Meneja wa mkoa anazo hizo namba. Kama mzigo unagusa uwezo, basi hata serikali ijenge mabwawa matatu zaidi mtaa wenu mtaendelea kupata umeme unaofifia jioni mpaka transfoma iongezwe. Mradi wa Gridi Imara kwa sehemu kubwa ulikuwa kwa ajili ya hili, kuongeza transfoma na vituo na laini za kuviunganisha, kazi isiyo na ufunguzi wa kupendeza ila ndo inayoleta mabadiliko nyumbani.

Sasa twende kwenye hela. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na hotuba ya bajeti ya Waziri wa Nishati inasomwa bungeni kati ya mwezi wa nne na wa tano. Ipakue yote, iko kwenye tovuti ya wizara na ya bunge. Usisome mwanzo, pale ni shukrani na pongezi, nenda moja kwa moja sehemu ya utekelezaji wa miradi ya kusafirisha umeme, kila mradi umeandikwa jina, urefu, msongo, asilimia iliyofikiwa, na kiasi kilichotengwa, kimegawanywa fedha za ndani na fedha za nje. Kama unataka undani zaidi tafuta kitabu cha nne cha makadirio, kile cha matumizi ya maendeleo, Wizara ya Nishati ni Fungu 58.

Andika kwenye daftari vitu hivi kwa mradi wako mmoja tu, usichukue miradi kumi utachoka: kilichotengwa mwaka jana, kilichotolewa kweli, kilichotengwa mwaka huu, na asilimia ya ujenzi mwaka jana na mwaka huu. Kutengwa sio kutolewa. Bunge linaweza kupitisha mabilioni na mpaka Juni ikatoka nusu, na mkandarasi asiyelipwa anapunguza watu saiti, halafu anadai riba kwa kucheleweshewa malipo, na hiyo riba inalipwa na sisi. Mradi ambao asilimia yake imesogea kidogo sana mwaka mzima huku hela imetoka, hapo pana swali. Na mradi ambao asilimia imekwama na hela haikutoka, hapo swali linaenda Hazina na sio kwa TANESCO, tusiwaonee watu wa nguzo kwa kosa ambalo sio lao.

Ukishapata hizo namba subiri ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inafika bungeni kila mwaka karibu mwezi wa nne. Kuna kitabu cha miradi ya maendeleo na kingine cha mashirika ya umma, vyote viwili tafuta neno umeme au TANESCO au jina la laini. CAG ndo anaandika yale ambayo hotuba haiandiki, mikataba iliyoongezewa muda, vifaa vilivyokaa bandarini, fidia ambazo hazijalipwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nao wanatoa ripoti ya kila mwaka ya sekta ndogo ya umeme, humo kuna upotevu wa umeme kwenye kusafirisha na kwenye kusambaza, kila kimoja peke yake. Ukitaka kujua uwekezaji umezaa matunda angalia hiyo ya kusafirisha miaka mitatu minne mfululizo. Nguzo mpya zikisimama na upotevu haushuki, uliza kwa nini.

Halafu ujue hela ni ya nani. Kuna laini za hela yetu ya ndani. Kuna za mkopo, mfano ile ya kuunganisha Tanzania na Zambia, TAZA, kilovolti 400, zaidi ya kilomita 600 kutoka Iringa kupita Mbeya na Tunduma mpaka Sumbawanga, Benki ya Dunia ndo mkopeshaji mkubwa. Hizi za mkopo zina faida moja kwako, nyaraka zake ziko wazi kwenye tovuti ya mkopeshaji: mkataba, mpango wa mazingira, mpango wa kuhamisha watu, na taarifa za maendeleo za kila baada ya miezi kadhaa ambazo mara nyingi zinasema ukweli zaidi kuliko hotuba. Na kuna aina ya tatu ambayo inakuja kwa kasi, kampuni binafsi ijenge laini, iendeshe kwa miaka mingi halafu ilipwe kidogo kidogo. Kenya ilisaini na Adani, kampuni ya India, mradi wa namna hiyo wa dola milioni 736 kwa miaka 30, kelele zikawa nyingi kuhusu ushindani na usiri, na Novemba 2024 rais Ruto akatangaza kuufuta. Aina hii sio mbaya kwa asili yake, ila kwako mlipa bili maswali yanabadilika, inabidi uulize atalipwa kwa kiasi gani, na asipopitisha umeme atalipwa pia au hapana. Kumbuka Turkana.

Tuje shambani. Laini ikipita kwenu watakuja kwanza wapima, wataweka alama, halafu wathamini. Mkutano wa kijiji ukiitwa usikose, na usitume mtoto. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, uhesabu miti yako pamoja na mthamini mti kwa mti, mwembe mkubwa usiandikwe mdogo, piga picha kila kitu, nyumba, choo, kisima, makaburi, na picha iwe na tarehe. Fomu usisaini kama ina sehemu tupu au namba ambazo hukubaliani nazo, na ukisaini hakikisha unabaki na nakala. Baada ya tarehe ya mwisho ya uthamini ukijenga au kupanda kipya hakihesabiwi, kwa hiyo msidanganyane kijijini kwamba mkipanda mikorosho ya haraka mtalipwa.

Fidia kwa sheria zetu sio thamani ya ardhi peke yake. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo uliyofanya, posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokadiriwa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya mwezi mara 36, na hasara ya faida kama ulikuwa na biashara pale. Kama eneo ni tupu hukai pale, hizo za usafiri na makazi na biashara hupati. Na sheria ya uthamini ya 2016 inasema wakichelewa kulipa zaidi ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa inaongezwa riba, na ikipita miaka miwili uthamini ule umekufa, inabidi ufanyike upya. Hii ya miaka miwili watu wengi hawaijui, wanalipwa kwa bei ya zamani wakati kila kitu kimepanda, wanapokea wanashukuru. Hesabu miezi yako.

Kwenye miradi ya Benki ya Dunia kuna nyongeza, hata usiye na hati wala kibali, kama nyumba au mazao yako yako pale, unatakiwa ulipwe kwa ulichojenga au kupanda, na unatakiwa ulipwe kabla hujaondolewa. Pia kila mradi wa hivyo una kamati ya malalamiko, waulize viongozi wa kijiji ni akina nani, peleka lalamiko kwa maandishi, na ukikwama kabisa kuna Jopo la Ukaguzi la Benki yenyewe ambalo linapokea barua za wananchi moja kwa moja.

Mimi kwa hili sina unyenyekevu, kuchelewesha fidia ni kuchelewesha laini. Mtu ambae hajalipwa hatatoka, na akitolewa kwa nguvu ataenda mahakamani, na mkandarasi atakaa saiti anahesabu siku za kudai. Kulipa watu mapema ni rahisi kuliko yote yanayofuata, na serikali inayotaka umeme wa jua na upepo ufike mijini haraka ingeanza na kutenga hela ya fidia mwaka mmoja kabla ya nguzo ya kwanza.

Mwisho ni kuuliza rasmi. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, mwananchi unaandika barua kwa taasisi yenye taarifa na wao wana siku 30 za kukujibu. Barua iwe fupi, taja mradi kwa jina kamili, omba vitu vichache vinavyojibika. Mfano:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji. Mimi ni mkazi wa kijiji cha (jina), wilaya ya (jina). Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, naomba taarifa kuhusu mradi wa njia ya kusafirisha umeme ya (jina na msongo): tarehe ya mkataba na tarehe ya kukamilika kwa mujibu wa mkataba pamoja na nyongeza za muda zilizotolewa, kiasi kilicholipwa kwa mkandarasi mpaka sasa, hali ya transfoma za kituo cha (jina), na idadi ya wananchi wa kijiji chetu waliothaminiwa, waliolipwa na ambao hawajalipwa."

Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe urudi nayo, nakala nyingine ya picha mtumie mbunge wenu kabla ya kikao cha bajeti, mana swali la mbunge kuhusu laini yenu likiingia kwenye kumbukumbu za bunge waziri analazimika kulijibu. Siku 30 zikipita kimya, andika ya pili ukitaja tarehe ya muhuri wa ile ya kwanza.